Mtoto wa Chumba cha Vitabu

Juzi kazini mwenzangu mmoja wa Tanga alileta vitumbua. Iliki zilimwishia nyumbani, akaona heri atie kungumanga, na kwa jinsi alivyo na maneno mengi akatutangazia mapema kwamba hataki kusikia mtu akilalamika, tule tunyamaze. Nikala kimoja. Kabla sijameza, nilikuwa nimerudi Temple Hills, kwenye chumba kisichofunguliwa dirisha, nimekaa chini sakafuni, viatu vyangu nimevikumbatia, natafuta namna ya kutokohoa. Nilikiweka kitumbua, nikasingizia simu, nikaenda kusimama kwenye ngazi za dharura mpaka moyo ukatulia. Harufu haina adabu jamani. Haipigi hodi.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Amerika, kwenye zile fleti za Alexandria zenye korido zinazonuka vitunguu vya kila taifa, mtanielewa bila maelezo marefu. Mnakumbuka shule zilipofungwa wakati wa joto. Wenzetu walikwenda kambi za kuogelea na kupanda farasi. Sisi tulikwenda kazini na mama zetu. Kambi zilikuwa na bei yake, na kuachwa peke yangu nyumbani ilikuwa haiwezekani, kwa sababu Mama aliamini kabisa kwamba jirani akisikia katuni kwenye televisheni na asisikie sauti ya mtu mzima, atapiga simu, na serikali itakuja kunibeba ikanigawie watu nisiowajua. Baba alikuwa amefuata kazi ya malori Texas, na Texas ikammeza. Nyanya alikuwa Kitale. Shangazi hatukuwa naye. Basi Mama akanibeba.

Mama alikuwa anatunza wazee majumbani mwao. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na sheria nyingi, na mojawapo haikuwa na mjadala: hakuna kuja na mtu yeyote kwenye nyumba ya mgonjwa, awe rafiki, awe ndugu, awe mtoto. Ukikutwa, kazi imekwisha papo hapo. Na kazi ile ndiyo iliyotuweka chini ya paa na kumtibu Nyanya huko nyumbani. Mama alinieleza hayo mara moja tu, amechuchumaa mbele yangu, amenishika mabega. Akasema, "Nekesa, ukionekana, tumekwisha. Umenielewa?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimeelewa, maana siku hizo Kiswahili nilikisikia tu, kukijibu nilikuwa naona aibu. Kiswahili hiki ninachowaandikia nimekipata ukubwani, kwa jasho.

Tulitoka nyumbani jua halijachomoza. Basi, treni ya Metro, Metro nyingine, halafu basi la kupanda mlima hadi Temple Hills, kwa Miss Verlyn.

Miss Verlyn ndiye mzee aliyekuwa akitunzwa na Mama. Alikuwa mwanamke wa Karibea, wa kisiwa kidogo ambako, kwa maelezo yake, kungumanga huanguka njiani zenyewe na watu huzikanyaga tu. Alikuwa mrefu, mweusi tititi, na alivaa kofia ndani ya nyumba. Alikuwa amefundisha chuo kikuu mjini Washington maisha yake yote, na alikuwa mwandishi. Ameandika mashairi, na ameandika vitabu vya maisha yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa namna ambayo watu wazima walimsimamisha barabarani wakamwambia vimewaliza. Tulipomfahamu sisi, kusahau kulikuwa kumeshaanza. Kila asubuhi alisahau jina la Mama, akamwita kwa majina ya wanawake wa kisiwani kwao, na Mama aliyaitikia yote. Miss Verlyn alikuna kungumanga kwenye uji, kwenye chai, hata kwenye mayai. Mama, mtoto wa Kitale aliyelelewa na chumvi na kitunguu, alikuwa akigeuka pembeni na kukunja uso.

Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa na komeo lililofungwa juu kabisa, mahali ambapo Miss Verlyn hakuzoea kutazama. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama. Na ukifungua, mashine ilisema kwa sauti ya kike kwamba mlango wa mbele umefunguliwa. Leo mimi mwenyewe ni mtu mzima na ninajua kwamba wazee wanaosahau hutoka wakapotea, wakaokotwa kando ya barabara kuu wamevaa gauni la kulalia. Wakati ule sikujua. Niliona bibi mmoja amefungiwa ndani, mama yangu ndiye mwenye ufunguo, nikasema, kumbe Mama ni askari jela.

Mimi nami nilikuwa na kifungo changu. Asubuhi ndiyo saa ya hatari, kwa sababu mwenye usemi halisi wa nyumba ile, yaani Desmond, mtoto wa Miss Verlyn, alizoea kupita akienda ofisini kuleta mkate mgumu wa kwao, na nesi msimamizi wa kampuni angeweza kutokea bila taarifa. Kwa hiyo asubuhi zote nilikaa chumba cha vitabu, mlango umerudishwa, viatu mkononi ili visionekane sebuleni. Nisikohoe. Nisinywe maji mengi, kwa sababu choo kilikuwa ng'ambo ya korido. Nje nyenze wanapiga kelele, ndege za kijeshi zinapita juu ya paa mpaka vioo vinatetemeka, na watoto wa mtaa huo wanaendesha baiskeli wakiitana. Niliyajua majina yao yote. Mpaka leo nikisikia baiskeli inateremka mlima bila kukanyagwa, ile sauti ya mnyororo, nasikia hasira. Nilikuwa na hasira na Mama, na Miss Verlyn, na Texas, na kila kitu.

Ndipo nikaanza kusoma, si kwa kupenda, kwa kukosa la kufanya. Kwenye rafu moja ya chini kulikuwa na vitabu ambavyo nyuma ya kila kimoja kulikuwa na picha ya Miss Verlyn. Nikachukua kile ambacho picha yake ilikuwa ya msichana. Wee! Nilisoma mambo ambayo kwetu hayasemwi hata kwa kunong'ona. Alikuwa ameandika kwamba mama yake alimwacha kwa bibi yake akiwa mdogo, akaenda ng'ambo kusafisha nyumba za watu. Kwamba mama huyo alipata huko mume na watoto wengine, na barua zikawa fupi, kisha zikakoma. Kwamba kila Jumamosi bibi alimtuma mtoni kufua gauni la mama yake lililobaki, gauni lisilovaliwa na mtu, alifue, alianike, alikunje, wiki inayofuata alifue tena. Kwamba mwalimu alipokuja kuuliza kwa nini hayuko shule, alijificha chumbani kwa bibi, nyuma ya pazia, huku akizuia pumzi. Na akaandika kwamba siku mama yake alipokuja hatimaye kumtembelea, amevaa glavu, yeye hakumtambua, akamwita "bibi" kama mwanamke mgeni, akidhani ni mwenye duka jirani, na mama yake akakubali kuitwa hivyo. Yote hayo ameyachapisha, na picha yake mwenyewe nyuma, ili hata anayetaka kukanusha ashindwe.

Sasa nielewe vipi mimi, mtoto wa nyumba ambayo sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba ya nyumbani hayaanikwi nje? Kwetu ukiulizwa shuleni baba yuko wapi, unasema kazini. Ukiulizwa na watu wa kanisani mbona mama yako hajaonekana, unasema yuko salama. Siri ya mtungi muulize kata, na kata amefundishwa kunyamaza. Nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya darasa la tatu: huyu bibi amemsema mama yake mzazi mbele ya dunia nzima, ndiyo maana amefungwa. Amerika wana adhabu ya kila kitu, hata kumtembeza mbwa bila mfuko wa kuzolea kinyesi chake. Bila shaka na hili lina adhabu yake. Hukumu ilikuwa kwamba akae ndani, asitoke, na mama yangu amlinde.

Sikumwuliza mtu. Niliona kila kitu kinakaa sawa.

Mchana, hatari ikipungua, Mama aliniruhusu kutoka chumbani nikae na Miss Verlyn mezani. Yeye hakuuliza kamwe mimi ni nani. Alisema tu, "Ah, umekuja," kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Siku moja akaona kitabu mkononi mwangu akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma, na Miss Verlyn akasikiliza kitabu chake mwenyewe, asikitambue hata kidogo.

Nilikuwa nadhani atalia. Hakulia. Alianza kukosoa. Alisema mwandishi huyu anapenda kujionea huruma. Alisema hapa angekata, pale maneno ni mengi, mvua haihitaji kuelezwa mara mbili. Nilipofika pale kwenye mama wa glavu, aliinua mkono kunikatiza.

"Huyo mama alikuwa amechoka," akasema. "Amesafiri siku nyingi, amechoka. Kwa nini huyu binti hakuandika kwamba mama yake alikuwa amechoka?"

Mama alikuwa kwenye sinki anaosha sufuria, na maji yakaacha kumwagika kwa muda, kisha yakaendelea. Nilitaka kumwambia Miss Verlyn kwamba ni wewe, ni wewe uliyeandika, lakini niliona nikimwambia atakumbuka kosa lake na kifungo chake kitamuuma zaidi. Nikaendelea kusoma.

Mashairi, hayo hakuyasahau. Jina la Mama lilimtoka, siku ilimtoka, lakini ukimwanzishia mstari aliumalizia shairi zima, anagonga meza kwa kidole kwenye kila pumzi, sauti imenyooka. Mama alikuwa akisimama mlangoni na taulo begani kumsikiliza. Hakuwa akielewa yote, alisema, lakini alijua kitu kilichopigwa pasi vizuri akikiona.

Halafu jioni ikikaribia, Miss Verlyn alibadilika. Alichukua mkoba wake, akaenda mlangoni, akaanza kutikisa kitasa. Anataka kwenda nyumbani. Bibi yake anamngoja. Alisema kwa adabu kwanza, kisha kwa ukali, kisha kwa kulia, na hapo nilikuwa nikiziba masikio. Mama hakubishana naye kamwe. Alichukua mkoba wake mwenyewe, akasimama naye pale mlangoni, akamwambia basi halijafika. Wakasubiri basi pamoja. Mama aliuliza habari za njiani, nani yuko nyumbani, kumepikwa nini, na Miss Verlyn alieleza, na akieleza alisahau kwamba alikuwa akiondoka. Ndiyo ilikuwa kazi ya mama yangu, kusubiri basi lisilokuja, na aliifanya kila siku kwa uvumilivu ambao nyumbani hatukuupata. Nyumbani alirudi amekwisha. Alivua viatu, akalala na sare.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Mle ndani sote watatu tulikuwa na kamba, na ya Mama ndiyo sikuwa naijua.

Asubuhi moja Desmond alikaa jikoni zaidi ya kawaida. Mimi niko chumbani, ukutani, nasikia. Alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti nzito, na siku hiyo sauti ilikuwa inakwaruza. Alimwambia Mama kwamba daktari amesema kusahau kunavumilika, na hata kutaka kutoroka kunavumilika, lakini siku mama yake atakapoanza kuona watu wasiokuwepo, hapo hatafaa tena kukaa nyumbani. Kuna mahali huko Virginia, alishakwenda kupatazama. Milango inafunguliwa kwa tarakimu, sakafu zinang'aa, wazee wamekaa mviringo wanatazama televisheni. Alisema mama yake alimwapisha zamani, akiwa na akili zake zote, kwamba asimtoe katika nyumba hii mpaka afe. Akasema kiapo kile kinamkaba. Mama akamwambia pole. Akamwambia Miss Verlyn anasahau, lakini haoni vitu.

Mama aliposema hivyo alikuwa anasema kweli tupu.

Siku yenyewe walikuja wote wawili, Desmond na nesi msimamizi, bila taarifa, tena wakati wa chakula cha mchana, saa ambayo tulikuwa tumeizoea kuwa salama. Nilikuwa mezani na Miss Verlyn, tunakula uji. Kengele ikalia. Mama alinyakua bakuli langu akalimwaga, mimi nikashika viatu nikakimbia. Nilipogeuka kurudisha mlango nilimwona Miss Verlyn amesimamisha kijiko hewani, ananitazama. Alikuwa ananitazama vizuri, kama mtu anayetaka kukumbuka.

Mashine ikasema mlango wa mbele umefunguliwa.

Nesi alikuja na maswali yake ya kupima kumbukumbu. Alimwuliza mwaka, Miss Verlyn akasema mwaka si kitu cha kumwuliza mwanamke. Alimwuliza ni majira gani, akajibiwa kwamba ni ya joto, ndiyo maana unatoka jasho hivyo, mwanangu, vua koti. Desmond akacheka, nami chumbani nikauma mkono nisicheke. Nikaanza kupumua. Nikaona leo itapita.

Kisha nesi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na hapa nyumbani unakaa na nani?"

"Na huyu mama," akasema Miss Verlyn. "Na yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa chumba cha vitabu."

Nilijiambia, nilijua tu. Mtu aliyemsema mama yake mzazi kwa dunia nzima, atamsitiri mama yangu kwa lipi? Nilimchukia, haki ya nani. Nilijibanza kwenye kona nyuma ya kiti nikangoja mlango ufunguliwe nikamatwe.

Haukufunguliwa. Badala yake nikasikia Desmond anavuta pumzi ndefu, halafu anamweleza nesi taratibu kwamba anamfahamu mtoto huyo. Yumo kwenye kitabu cha kwanza cha mama yake, ndiye msichana anayejificha chumbani mwalimu akija. Akamgeukia mama yake. Alimwambia, kwa upole ambao mpaka leo unaniumiza, "Mama, mtoto huyo ni wewe."

"Desmond," Miss Verlyn akasema, "mimi ninajijua. Huyo si mimi. Huyo ana pengo hapa mbele, na anasoma mbio kama anafukuzwa. Sasa hivi amejificha. Mnamtisha."

Niligusa pengo langu kwa ulimi.

Hawakuja kutazama. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kutembea hatua chache kufungua mlango. Nesi aliuliza maswali mengine mawili matatu kwa ile sauti ambayo watu huongea na watoto wachanga: huyo mtoto huja lini, huongea, hukuambia ufanye mambo? Na Miss Verlyn, masikini, akajibu yote kwa ukweli. Huja asubuhi. Huongea, tena anajua kusoma. Hapana, haniambii nifanye kitu, ni mtoto. Kila jibu la kweli lilikuwa linamzamisha. Nikasikia Desmond amevuta kiti, amekaa, anasema chini chini kwamba basi, ndiyo hivyo, atapiga simu Virginia kesho.

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kiasi changu. Sasa wanamfunga kweli, na kosa ni lilelile, kusema. Na mtu pekee ambaye angeweza kumtoa alikuwa mama yangu, na mama yangu alikuwa ndiye mwenye sheria ya kunyamaza. Alikuwa ameniambia hata nikimsikia analia nisitoke. Miguu yangu ilitaka kwenda na kukaa kwa wakati mmoja. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza, taratibu, bila kugonga, na nikajua ni mkono wa Mama.

Halafu nyayo zake. Nilizijua, viatu vya mpira, mguu wa kushoto unaburura kidogo. Zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama. Mlango ukafunguka.

"Toka, mama," akaniambia kwa Kiswahili. "Toka nje wakuone."

Nikatoka, viatu mkononi, macho chini. Mama aliniweka mbele yake, akanishika mabega. Akawaambia kwa kile Kiingereza chake cha kazini kwamba huyu ni binti yake, amekuwa akija naye tangu shule zifungwe, hakuwa na mahali pa kumwacha. "Miss Verlyn haoni vitu," akasema. "Anaona vizuri."

Miss Verlyn alinitazama, akawatazama wao, akarudi kwenye uji wake. Uso wa Desmond sijawahi kuona mfano wake tena. Alikuwa kama mtu aliyevuta mlango kwa nguvu zote, kumbe haukufungwa.

Nesi hakuwa mtu mbaya. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini alitoka barazani akapiga simu ofisini, na aliporudi kazi ya Mama ilikuwa imekwisha. Isipokuwa hapakuwa na mtu wa kuchukua zamu. Na sheria nyingine ya kazi ile, kali kuliko ya watoto, ni kwamba mlezi hamwachi mgonjwa wake mpaka mwenzake afike. Basi mama yangu akafukuzwa kazi na bado yuko kazini. Aliosha bakuli. Alimpa Miss Verlyn dawa. Alikunja nguo. Mimi nikakaa sebuleni, kwenye sofa, mchana kweupe, na viatu miguuni, sijui niweke wapi macho yangu.

Nesi alipokwisha kuondoka Desmond alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. Alikuwa mtu mzima mwenye tai.

"Mama," akasema, "ni mangapi mengine umeniambia, nikadhani ni ugonjwa?"

Miss Verlyn alifikiri. Aliliwazia swali hilo kwa heshima, kama ameulizwa na mwanafunzi.

"Nimekuambia nataka kutoka nje," akasema. "Unaniambia kuna mvua."

Hapakuwa na mvua. Kulikuwa na jua linalochoma, nyenze wanalia. Desmond akainuka, akamtazama Mama, na Mama akavua ufunguo shingoni akampa. Tulitoka sote wanne. Desmond alishika mkono mmoja wa Miss Verlyn na Mama akashika wa pili, wakateremka ule mtaa polepole sana, na mimi nikafuata. Watoto wa baiskeli walisimama kututazama. Miss Verlyn aligusa maua ya kila mtu, akakosoa bustani ya kila mtu. Chini kabisa, kwenye kona, tulipopumzika kivulini, alinivuta karibu akaniinamia. Sijui alidhani mimi ni nani wakati huo. Aliniambia, "Umeona? Umetoka, na hukufa."

Aliyekuja kushika zamu alikuwa mama mmoja wa Kongo, amefika anahema, anaomba pardon, basi limemchelewesha. Mama alimkabidhi kila kitu: uji unavyotakiwa kuwa, kofia ipi, mstari gani wa kumwanzishia akikataa kuoga. Alimweleza habari za jioni na mkoba, jinsi ya kusimama naye. Alirudia mara mbili. Kisha akambusu Miss Verlyn kwenye paji la uso, na Miss Verlyn akamwita kwa jina la mwanamke fulani wa kisiwani, na Mama akaitika.

Kituoni nilimwuliza Mama watatufunga lini. Akaniuliza nani atufunge. Nikamweleza yote, jela, hukumu, kitabu, yeye kuwa askari. Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara na sare yake, halafu kicheko kikageuka, akalia, na sikuwahi kumwona akilia hadharani, wala sijamwona tena. Basi letu lilikuja, likaondoka bila sisi.

Alikaa bila kazi mpaka majani yakaanguka. Tulihama fleti, tukalala sebuleni kwa watu, baadaye akapata kazi kwenye hoteli moja ya Alexandria, kukunja mashuka. Miss Verlyn alibaki katika nyumba yake mpaka kufa kwake. Tuliambiwa na yule mama wa Kongo, ambaye walikutana na Mama kanisani. Desmond alimchukua kutembea jioni zote alizokuwa na nafasi. Vitabu vyake vinauzwa bado, na sasa ninavyo vyote, na ninaposoma pale kwenye mama wa glavu ninamsikia mwandishi mwenyewe akilalamika kwamba ameacha jambo.

Mama sasa ni bibi wa Landover mwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba na maneno kwa kila mtu. Kabla ya kuandika haya nilimpigia kumwomba ruhusa, maana ya nyumbani ni ya nyumbani. Akauliza kama nitasema kwamba alifukuzwa kazi.

Nikamwambia, ndiyo, Mama, nitasema.

"Sawa, sema," akaniambia. "Lakini na hili usiache. Sema sikumwacha mpaka mwenzangu alipofika."